Peptidi (vipande vifupi vya protini) kutibu fangasi kwa wagonjwa wa lukemia (saratani ya damu): tuwekeze huko au tunapoteza muda?

Mtetezi wa Wodi:
Wakuu, jambo hili linaniuma ndiyo maana nalileta hapa. Mgonjwa wa lukemia anapigwa kemo, nyutrofili (chembe nyeupe za kinga) zinashuka chini ya 500 kwa mikrolita ya damu, anakaa siku kumi na zaidi hana kinga ya maana, halafu kinachommaliza siyo saratani ni fangasi, Aspergillus mapafuni au Candida kwenye damu. Dawa zenyewe kila moja ina balaa lake. Amfoterisini ya kawaida ipo tangu miaka ya 1950 na inatafuna figo, azoli (kundi jingine la dawa za fangasi) ukizichanganya na vinkristini ya kemo miguu inakufa ganzi na matumbo yanalala. Wakati mwili wenyewe una peptidi za kuua fangasi, histatini ipo kwenye mate, difensini zipo ndani ya hizo hizo nyutrofili alizopoteza. Kwa nini tusimrudishie kwa sindano? Hela ya utafiti iende huko.

Kemia Kavu:
Mkuu habari hiyo tunaisikia tangu mtafiti Zasloff alipozitoa kwenye ngozi ya chura 1987. Pexiganan, iliyotokana na peptidi hizo za chura, Marekani waliikataa 1999, na ilikuwa ya kupaka tu kwenye kidonda cha mguu. Iseganan, peptidi nyingine ya kusukutua mdomo kwa watu wa kemo, ilifika awamu ya 3 ya majaribio ikafeli. Sasa ukiichoma kwenye mshipa ndiyo kabisa, vimeng'enya vinaikatakata, protini za damu zinaibana, ukipandisha dozi inaanza kupasua chembe nyekundu za mgonjwa ambaye tayari hana damu. Posakonazoli, azoli ya kuzuia fangasi, ipo, jaribio la 2007 kwa wagonjwa wa aina hii lilionyesha fangasi wa ndani 2% dhidi ya 8% kwa waliopewa azoli za zamani. Kama azoli zinaanza kugoma waulizwe wakulima wanaomwaga sumu ovyo.

Mzee wa Shamba:
"Wanaomwaga sumu ovyo." Kijana, nani kakwambia ovyo? Mimi nalima ngano, kutu (fangasi wa ngano) ikiingia shamba zima linaondoka, napuliza tebukonazoli, azoli ya shambani iliyosajiliwa, kipimo kiko kwenye lebo. Nyie mnampa mtu azoli miezi na miezi halafu usugu ukitokea ni mkulima?

Dada Maabara:
Shikamoo mzee. Kosa siyo lako ila usugu wa shambani upo kweli, ule wa mabadiliko ya jeni yanayoitwa TR34/L98H umekutwa kwa wagonjwa ambao hawajawahi kumeza azoli hata siku moja. Uholanzi wamewakuta Aspergillus sugu kwenye lundo la mabaki ya maua yanayooza. Tebukonazoli ya ngano na vorikonazoli ya wodini zinabana kimeng'enya kile kile, kwa hiyo anayezoea moja amezoea na nyingine, spora inapaa inavutwa na mtu asiye na nyutrofili.

Mzee wa Shamba:
Marahaba binti, wewe unaongea kwa adabu. Ila nimezika mtu wangu kwa ugonjwa huu huu, nisifanywe muuaji na mtu aliyejificha nyuma ya simu.

Kemia Kavu:
Hakuna aliyekuita muuaji mzee, pole kwa msiba. Nilisema sumu inamwagwa na inamwagwa kweli, tani kwa tani, na anayelipa ni mgonjwa. Hilo silirudishi.

Mtetezi wa Wodi:
Jamani nimeuliza peptidi. Lakini kwa kuwa mmefika huko, olorofimu, dawa mpya ambayo wengi tunaisubiri kwa Aspergillus sugu, Marekani 2023 ombi lake lilirudishwa. Mwaka mmoja kabla, 2022, ipflufenokwini, sumu ya fangasi ya mashambani, ilishasajiliwa huko huko, nayo inalenga kimeng'enya kile kile! Dawa inaharibiwa kabla mgonjwa hajaionja. Aliyesajili ndiye wa kuulizwa, siyo mzee.

Dada Maabara:
Na peptidi zitapita njia hiyo hiyo, wapo wanaozitengenezea mazao. Wanasayansi Bell na Gouyon walionya 2003 kwamba vijidudu vikizoea peptidi za dawa vinaweza kuzoea na zile za miili yetu. Zasloff hakukubali, wakafanya jaribio na Bell, 2006 likatoka, bakteria walizoea pexiganan ndani ya vizazi 600 hadi 700. Ni bakteria siyo fangasi, lakini mimi sitaki kuona fangasi aliyezoea difensini akikutana na mtu ambaye nyutrofili zake ndiyo kwanza zinarudi.

Kemia Kavu:
Basi mmenisaidia, peptidi kwisha habari yake.

Nesi wa Zamu:
Kwisha vipi? Kaspofunjini tunayotundika kwenye dripu ni nini? Ni lipopeptidi (peptidi yenye mafuta) ya kutibu fangasi, ipo tangu 2001, na figo inaziacha salama.

Kemia Kavu:
Hiyo haitoboi utando wa chembe kama peptidi za chura, inazuia fangasi kujenga ukuta. Fangasi aina ya Mucor haimshtui kabisa, Aspergillus inamdumaza tu. Usichanganye mambo dada.

Nesi wa Zamu:
Sijachanganya, na siyo mara ya kwanza unaniambia hivyo. Ulisema peptidi haiwezi kuishi kwenye damu. Hii wameifunga duara, wakaiwekea mkia wa mafuta, unatundika mara moja kwa siku. Rezafunjini, ndugu yake iliyopitishwa 2023, ni mara moja kwa wiki. Kwa hiyo la kukatwakatwa lina ufumbuzi, tubishane kuhusu sumu na usugu.

Mtetezi wa Wodi:
Hapo hapo nesi! Na hizo mpya zisajiliwe kwa masharti, zikae wodini tu.

Mzee wa Shamba:
Masharti sawa. Ila mnaninyima azoli, mnaninyima na hiyo mpya, na kutu haisubiri mkutano wenu. Ngano nipulize nini? Hakuna hata mmoja aliyejibu, mmerudi kwenye dripu.