Kisiwa cha Maziwe, Pangani: twende siku gani, na tukae mpaka saa ngapi?

MamaNasra:
Habari zenu wakuu. Desemba tunakusanyika Tanga kwa wazazi, na vijana wameshika bango kwamba safari hii lazima twende Maziwe. Wameona picha za ule mchanga mweupe katikati ya bahari, hakuna nyumba wala mti. Tutakuwa watu wazima sita, watoto wadogo wanne, na mama yangu ambaye magoti yanamsumbua. Nauliza: twende siku gani? Tunaweza kupika pilau huko huko na kusubiri jua lizame? Na hema wanaruhusu tukalala? Mtu wa boti niliyempigia kasema "njooni siku yoyote tu dada", sasa nimebaki na wasiwasi.

Chuma_Ulete:
Kwani Mbudya ina nini? Pale kuna vibanda vya makuti, samaki wa kukaanga, boti zinakwenda na kurudi kutwa. Huko Maziwe hata pa kujisaidia hakuna.

MamaNasra:
@Chuma_Ulete Mbudya tushaizoea ndugu yangu, na tutakuwa Tanga, si Dar.

Mzawa_wa_Bweni:
Mama Nasra, shikamoo ya bibi mfikishie. Huyo wa "siku yoyote" mwache.

Maziwe ni fungu la mchanga, na maji ya bamvua, yale makubwa, yakijaa fungu lote linazama. Utapita na mashua juu yake usijue kama asubuhi watu walikuwa wanacheza mpira hapo. Kwa hiyo safari inapangwa kwa mwezi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na siku mbili tatu zinazofuata, ndiyo bamvua. Huku kwetu siku hizo maji hukauka kwenye saa nne, saa tano asubuhi, na kujaa saa kumi jioni. Mnatoka Ushongo, kijiji cha pwani ya Pangani, saa mbili, ni kama kilomita 8, mnafika fungu liko wazi refu na mchanga mkavu. Saa saba mko ndani ya chombo mnarudi. Jua kuzama mtaliangalia mkiwa Ushongo, maana bamvua saa kumi na mbili jioni huko ni bahari tupu.

Mkija siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo yanageuka: asubuhi maji yamejaa, na kupwa kunakuja alasiri. Maji hayachezi sana siku hizo, lakini kwa watoto wadogo mimi singechagua.

Hema sahau. Lile ni eneo tengefu chini ya Hifadhi za Bahari. Kiingilio mnalipa kwa kontroo namba, mwenyeji bei yake si ya mgeni, na risiti mwende nayo. Kuvua hakuna, kuokota makombe hakuna. Watoto waambieni mapema, maana kombe likishaingia mfukoni kulitoa ni kilio.

Halafu kivuli. Marehemu baba alikuwa akilala dago, yaani kambi ya wavuvi, Maziwe ujana wake, wanakausha samaki chini ya mivinje. Kisiwa kilikuwa na miti, na kasa walikuwa wakipanda kutaga kwa wingi, aina tatu: kasa wa kawaida, ng'amba, na yule mdogo wa rangi ya zeituni. Mchanga ulianza kuliwa, mivinje ikaanguka, na kufika mwanzoni mwa miaka ya 1980 hakukubaki hata mti mmoja. Wengine wanasema ni kukata miti, wengine mikondo ya bahari. Wazee wetu wakianza ubishi huo kahawa inapoa. Kasa hawakuacha kupanda. Wakitaga, mayai yanahamishwa Ushongo yafukiwe upya, kwa sababu yakiachwa pale bamvua linayazamisha na hayaanguliwi. Mkibahatika mtakuta vifaranga vinaachiwa jioni, ulizeni mkifika.

Sasa bila mti mnajua maana yake. Chukueni turubai na miti yake, maji ya kunywa kuliko mnavyodhani, fulana za mikono mirefu. Mchanga ule unarudisha jua usoni, utaungua hata chini ya kofia. Pilau pikeni Ushongo, mwende nalo kwenye hotipoti.

Kitu kingine muangalie nahodha akifika anafanyaje. Anayejua kazi hapandishi chombo mchangani maji yakiwa yanatoka. Atapwelewa, na mtakaa hapo mpaka maji yarudi. Anatia nanga penye kina, mnashuka maji ya mapajani. Na maji yakianza kuja hayaji kama ufukweni kwenu, upande mmoja. Yanaingia pande zote mbili, kwanza unaona wale kaa wadogo weupe wanapanda juu kabisa ya fungu, halafu mchanga unalegea chini ya nyayo. Hapo kusanya vyombo, usingoje kuambiwa.

Kasa_Mdogo:
Nakazia la Mzawa. Sisi chombo chetu kilikwenda "kuchukua wageni wengine mara moja" na kikachelewa, tukasimama na mabegi kichwani. Chombo kisiondoke fungu mkiwa juu yake. Jaketi okozi hesabuni kabla ya kupanda, za watoto ziwe za watoto. Ila matumbawe ni mazuri jamani, samaki pono na samaki vipepeo tele, chukueni miwani ya kuzamia.

MamaNasra:
Ahsanteni sana. Na upepo wa Desemba? Na mama nimfanyeje?

Mzawa_wa_Bweni:
Desemba ni kaskazi. Asubuhi bahari huwa shwari, mchana upepo unaamka, sababu nyingine ya kurudi mapema. Bibi mwekeni kwenye kiti cha plastiki, vijana wawili wambebe mpaka ubavuni mwa chombo. Hakuna gati.
Kabla hujatoa arbuni muulize nahodha siku hiyo maji yanakauka saa ngapi. Akianza kutafuta simu, tafuta nahodha mwingine.

MamaNasra:
Arbuni sijatoa, alhamdulillah. Nimemsomea mama habari ya kiti, kasema yeye atabaki Ushongo na pilau lake, hataki kubebwa na mtu.

Chuma_Ulete:
Mama ana akili. Na mie nibakizieni.