Viinitete vikae maabara siku tatu au tano? Nahofia afya ya mtoto baadaye

Subira6: Habari zenu wapendwa. Tumehangaika kutafuta mtoto miaka sita, sasa tumefikia IVF, mimba ya kutungishwa maabara, na wiki ijayo natolewa mayai. Dokta ameuliza kama viinitete, yaani mayai yakisharutubishwa, virudishwe siku ya tatu au vikuzwe hadi ya tano. Nilikuwa tayari kusema tano, maana hapo ndipo huonekana kipi kina nguvu. Juzi usiku mume wangu akanisomea utafiti wa 2004. Viinitete vya panya vilikuzwa maabara, vikarudishwa tumboni, panya wakazaliwa wazima. Walipokuwa wakubwa, kwenye vipimo vya woga na kumbukumbu wakaonekana tofauti na wenzao. Tangu hapo sipati usingizi. Sitaki hamu yangu ya kuitwa mama imgharimu mtoto mwenyewe. Naombeni ushauri.

MamaPekee: Pole sana dada. Wangu ana miaka tisa, alirudishwa siku ya tano. Picha yake ya siku hiyo ninayo, kiduara chenye ukingo unaong'aa, ndiyo inayofungua albamu yake. Hana tatizo lolote. Louise Brown, wa kwanza kuzaliwa kwa IVF mwaka 1978, naye alikuja kupata watoto kwa njia ya kawaida. Endelea bila woga.

Darubini: MamaPekee, nafurahi mwanao ni mzima, ila mtoto mmoja hatoshi kumjibu dada. Nafanya kazi maabara ya viinitete, na hofu yake ina msingi.

Siku zile za mwanzo ndizo alama zinazowasha na kuzima jeni hufutwa na kuandikwa upya. Kiinitete kinasikia kila kitu: joto, oksijeni, maji kinamokua. Viinitete vya ng'ombe na kondoo vilivyokuzwa kwenye maji yenye seramu, yaani majimaji ya damu, vilileta ndama na wanakondoo wakubwa kupita kiasi. Kwa binadamu, Uholanzi walilinganisha aina mbili za maji ya kukuzia, na mwaka 2010 wakaripoti tofauti ya zaidi ya gramu 200 katika uzito wa kuzaliwa. Huko huko, mwaka 2008, watoto wa IVF wa miaka 8 hadi 18 walipimwa presha: ya juu ilikuwa wastani wa 109, wenzao wa mimba za kawaida 105. Na hao wenzao wazazi wao pia walichelewa kupata mimba, kwa hiyo usiseme haraka kuwa ni damu ya wazazi tu.

Lakini 109 si ugonjwa. Kuhusu tabia, Sweden walifuatilia watoto zaidi ya milioni 2.5, na mwaka 2013 wakaeleza kuwa IVF kwa ujumla haikuhusishwa na usonji. Ulemavu wa akili uliongezeka kidogo sana. Panya wa maabara si mtoto wako.

Kabla ya kuchagua siku, uliza inkubeta zao, yaani makabati ya kukuzia viinitete, zina oksijeni kiasi gani. Hewa ya kawaida ina karibu asilimia 20, ndani ya mwili wa mama iko chini ya hapo, na maabara nzuri huweka 5. Uliza pia wanatumia maji gani, na inkubeta hufunguliwa mara ngapi kwa siku. Kila mlango ukifunguliwa, joto na hewa vinayumba.

Mkunga_Mstaafu: Mwanangu, mimi nitasema moja. Wasikuwekee viwili. Nimewapokea mapacha wa kilo moja na nusu, na nimeona walivyohangaika kuvuta pumzi. Kuzaliwa kabla ya wakati kunamwumiza mtoto kuliko hizo siku mbili za ziada.

Subira6: Ahsanteni sana, na shikamoo mama mkunga. Leo nimepiga simu maabara. Oksijeni ni 5, na kila mgonjwa ana chumba chake ndani ya inkubeta. Jina la maji wameahidi kunitumia kesho. Mume wangu amekubali kimoja tu. Siku tutaamua tukishajua vimepatikana vingapi. Vikiwa viwili au vitatu, naona hicho kimoja kirudi siku ya tatu. Darubini, nikikutumia jina la hayo maji utaniangalizia?

Darubini: Tuma dada, nitaangalia. Na mtoto akizaliwa, mwambie daktari wake alivyopatikana, ili presha ipimwe kila mwaka.