Telkom iliuzwa: lawama tumtupie nani?

*Kikundi: Ukoo wetu*

Idrisa: Shikamooni nyote. Ijumaa tuna mjadala shuleni. Hoja ni hii: "Kampuni ya simu ya umma ikiuzwa na mauzo yakaharibika, wa kulaumiwa ni mnunuzi." Nimepangwa upande wa kuunga mkono, na mwalimu anataka mfano wa Telkom Kenya. Nianzie wapi?

Ami Salim: Marahaba mwanangu. Anzia kwangu, umefika penyewe. Miaka ishirini na mbili nimepanda nguzo za simu, tangu enzi za Posta na Simu mpaka 1999 shirika lilipogawanywa, barua wakapewa Posta na simu tukabaki nazo sisi Telkom.

Ami Salim: Na upande waliokupa ndio wenyewe. Mnunuzi ndiye mwenye makosa. Wafaransa walipewa kampuni Desemba 2007, asilimia 51, France Telecom na wenzao. Walikuta kila kitu kimeshasimamishwa. Ukafika 2016 wameshaondoka. Mtu aliyekuja kujenga haondoki hivyo.

Hamza: Baba, kwa heshima zote, walilipa dola milioni 390. Hawakuiba. Walikubaliana bei na muuzaji, muuzaji akapokea.

Ami Salim: Bei sikuizungumzia. Nimezungumzia kujenga.

Hamza: Wajenge kwa kipi? 2007 nani alikuwa anaomba laini ya mezani? Kila mtu alishakuwa na simu mfukoni. Halafu nyaya za shaba zilikuwa zinakatwa usiku zikauzwe kama chuma chakavu, wewe mwenyewe ndiye uliyetusimulia.

Mama Idrisa: Hilo kweli shemeji. Ulikuwa ukirudi nyumbani umenuna, unasema jana nimeunga na leo wamekata palepale.

Ami Salim: Nilikuwa naumia sana. Mnajua kuunga kebo? Ndani mna jozi mia, kila jozi na rangi yake. Unakaa shimoni na tochi mdomoni, unaunga moja moja. Ukimaliza unachukua ile simu ya majaribio ya kiunoni, unabana waya mbili, unasikiliza. Ukiusikia ule mlio wa laini, uuuu, unajua kuna nyumba imerudi hewani. Kisha anakuja mtu na panga.

Shangazi Zuhura: Nimetoka kazini sasa hivi, nimesoma yote. Idrisa mwanangu, upande uliopewa ni mgumu. Nitakusaidia, lakini kwanza uijue habari yenyewe ilivyo, maana ukisimama pale na maneno ya kaka yangu peke yake watakumaliza.

Ami Salim: Zuhura!

Shangazi Zuhura: Nakuheshimu kaka, lakini hesabu ni kazi yangu. Watu husema "mauzo ya Telkom" kana kwamba ni siku moja. Ni mambo kama matatu, na kila moja lina mwenyewe. La kwanza ni 2007. Telkom ndiyo iliyokuwa inashika asilimia 60 ya Safaricom, kampuni ya simu za mkononi. Kabla ya kuuza, serikali ikazitoa zile hisa na kuzihamishia Hazina Kuu. Mwaka uliofuata, 2008, ikawauzia wananchi sehemu ya hisa za Safaricom kwa shilingi 5 hisa moja. Kwa hiyo mnunuzi wa Telkom alipewa ng'ombe ambaye ndama wake ameshatolewa.

Hamza: Haya sasa!

Shangazi Zuhura: Usishangilie mapema. Kuzitoa halikuwa kosa, mimi ningefanya vilevile. Zile hisa ni mali yetu na zimetuletea gawio miaka yote hii. Nasema tu kwamba kilichobaki kilikuwa kampuni yenye nyaya, wafanyakazi wengi na madeni, na kila aliyekuwa mezani alilijua hilo. Ukiuza kitu cha namna hiyo, hati ya mauzo lazima iseme mnunuzi ataweka fedha kiasi gani, na asipoweka atafanywa nini.

Shangazi Zuhura: La pili ndilo linaloniuma, na hakuna anayelitaja. Sisi tulibaki na asilimia 49. Kampuni ikawa haipati faida, Orange, ndio haohao France Telecom, wakawa wanaikopesha, deni linapanda. Ikaja zamu ya madeni kugeuzwa hisa na kila mwenye hisa kuchangia. Serikali haikutoa mchango wake wote. Tukashuka mpaka 40, na kufikia 2013 tukawa na 30. Hakuna aliyetunyang'anya kwa nguvu. Tulikuwa na watu wetu kwenye bodi, wanakaa vikaoni, wanapewa makabrasha. Sasa niambie kaka, hapo Mfaransa amekosa nini?

Ami Salim: Hilo la 30 sikulijua.

Mama Idrisa: Wifi, mimi nina swali la mtu asiyejua. Hiyo Hazina mnayoitaja ni nani hasa? Maana nikisikia "serikali ilishuka" naona kama mvua imeshuka. Nani alishuka?

Shangazi Zuhura: Wifi, Idrisa akaliulize hilohilo Ijumaa. Hisa za umma zinashikwa na Hazina Kuu kwa niaba yetu. Waziri wa fedha ndiye mkuu wake, katibu ndiye mwenye dhamana ya matumizi. Kila karatasi ina sahihi.

Hamza: Na la tatu ni ile ya 2022.

Shangazi Zuhura: Ndiyo. Orange walipotoka 2016, waliingia Helios, mfuko wa uwekezaji wa London, wakachukua asilimia 60, sisi tukarudishiwa mpaka 40. Wakajaribu kuungana na Airtel kuanzia Februari 2019, likavunjika Agosti 2020. Halafu tarehe 5 Agosti 2022 Hazina ikalipa shilingi bilioni 6.09 kuzinunua zile asilimia 60 zirudi serikalini. Uchaguzi ulikuwa tarehe 9. Siku nne, Idrisa.

Mama Idrisa: Bilioni sita siku nne kabla ya kura! Nani aliruhusu?

Shangazi Zuhura: Walitumia Kifungu cha 223 cha Katiba. Kinaruhusu serikali kutumia fedha ambazo Bunge halijapitisha, ikitokea haja isiyokuwa kwenye bajeti, kisha iende Bungeni ndani ya miezi miwili. Lakini Bunge lenyewe lilikuwa limeshatawanyika kwenda kutafuta kura. Wabunge wapya waliapishwa tarehe 8 Septemba. Najiuliza mpaka leo, mwenye hisa kutaka kuondoka ni dharura ya nani? Mafuriko ni dharura. Njaa ni dharura.

Hamza: Na Msimamizi wa Bajeti si aliidhinisha?

Shangazi Zuhura: Aliidhinisha. Januari 2023 Msimamizi mwenyewe, Margaret Nyakang'o, aliwaambia wabunge kwamba alishinikizwa na waziri wa fedha wa wakati ule, na waziri akakanusha. Siwezi kuwahukumu. Ila Kifungu cha 228 kinasema asiidhinishe fedha kutoka mpaka aridhike kwamba sheria inaruhusu. Ile ofisi iliwekwa pale kwa ajili ya siku kama ile.

Ami Salim: Basi na mnunuzi unamwachia aende zake hivihivi? Minara je? Helios ndio walioshika usukani 2018 Telkom ilipokubali kuwauzia American Tower minara 723. Kisha kampuni ikawa mpangaji kwenye minara iliyokuwa yake. 2023 kodi haijalipwa, minara ikazimwa, watu wakakaa bila mtandao. Mimi mtu wa nguzo, Zuhura. Kampuni ya simu ikiuza nguzo zake, imebaki na nini? Namba?

Hamza: Hapo baba umesema.

Shangazi Zuhura: Nakubali kaka. Idrisa, andika hilo, ndiyo hoja yako nzito. Mnunuzi wa aina hii ni mfuko wa uwekezaji. Ananunua, anakaa miaka kadhaa, anatafuta pa kutokea. Kilichoweza kuuzwa kikauzwa, na akatoka na fedha yake.

Shangazi Zuhura: Lakini hakuniapia mimi. Hakushika Katiba mkononi. Waliokula kiapo ni wale waliokuwa upande wetu wa meza, na wakati minara inauzwa walikuwa na asilimia 40. Kama walipinga, kumbukumbu za bodi zingeonyesha, na sisi hatujawahi kusomewa kumbukumbu hizo. Hapo ndipo mimi ninapoweka lawama, na sitaitoa.

Mama Idrisa: Na sasa ni ya nani?

Shangazi Zuhura: Oktoba 2023 Baraza la Mawaziri lilibatilisha ule ununuzi na kukubali zile asilimia 60 ziende kwa kampuni ya Falme za Kiarabu, Infrastructure Corporation of Africa.

Ami Salim: Yaani tumeanza tena.

Idrisa: Shangazi, sasa nifanye nini? Upande wangu ni kumlaumu mnunuzi.

Shangazi Zuhura: Mlaumu kwa yale aliyoyafanya, ya minara na ya kuondoka. Usimbebeshe ya Kifungu cha 223, hayo si yake. Mpinzani wako akiyataja, kubali. Mwalimu ataona umesoma.

Ami Salim: Mimi bado nawalaumu wote wawili. Ila lile swali la Mama Idrisa, la nani alishuka, limenikaa. Bodi yetu ilikuwa na watu wenye majina.

Idrisa: Ami, ile simu ya majaribio bado unayo? Ningependa kwenda nayo Ijumaa. Wenzangu wengi hawajawahi kuusikia mlio wa laini.

Ami Salim: Ipo darini, ndani ya mkoba wa ngozi. Mlio hawatausikia, waya hakuna tena mtaani. Lakini waishike. Njoo kesho baada ya alasiri, uje na ngazi ya mama yako, yangu imevunjika kidato.