Yuna, Mao, Trusova, Sakamoto: nani mkali kwa ufundi, na nani anapendwa tu?

Kaptula_Barafuni

Jameni, swali kwa mnaokesha mkitazama wanawake wakiteleza barafuni. Wakongwe humu ni Yuna Kim wa Korea Kusini na Mao Asada wa Japani, basi. Vijana wanamtaja Alexandra Trusova kwa sababu ya miruko ya mizunguko minne. Halafu kuna Kaori Sakamoto, ambaye harushi hata Axel (mruko unaoanza ukitazama mbele) ya mizunguko mitatu, na bado alitwaa ubingwa wa dunia 2022, 2023 na 2024 mfululizo.

Trusova aliruka mitano ya mizunguko minne katika programu moja, Olimpiki ya Beijing 2022, akaondoka na fedha. Majaji walimbeba Anna Shcherbakova, aliyechukua dhahabu, kwa sababu anapendwa, ama kuna hesabu siioni? Na mtu atatofautisha vipi mruko wa Lutz na wa flipu kwa macho? Mimi naona miguu tu ikipepea.

Karani_wa_Alama

Hesabu ipo, tena wameianika. Mtu anateleza programu mbili, fupi kisha ndefu, na alama zinajumlishwa. Trusova hakushindwa kwenye programu ndefu. Hapo alikuwa wa kwanza, 177.13 kwa 175.75. Alichinjwa kwenye programu fupi: 74.60 kwa 80.20 za Shcherbakova. Kule wanawake hawakuruhusiwa mizunguko minne, kwa hiyo upanga wake ulibaki alani. Akajaribu Axel ya mizunguko mitatu, akaanguka. Jumla 251.73 kwa 255.95.

Angalia anguko linakula nini. Axel ya mitatu ina thamani ya msingi 8.0. Majaji wanaweka ubora kutoka −5 hadi +5, na kila hatua ni asilimia 10 ya ile thamani. Ukianguka unapewa −5, nusu imeenda, zinabaki 4.0. Toa alama 1 ya adhabu ya kuanguka: 3.0. Axel ya mizunguko miwili ni 3.3 tu, lakini ukiiruka safi ukapata +3 unaondoka na 4.29.

Sasa ongeza mzunguko usiotimia. Ukipungua zaidi ya robo lakini haujafika nusu, unawekewa alama ya < na thamani inashuka hadi asilimia 80. Tolupu (mruko mwingine wa kuchoma barafu kwa meno ya kiatu) ya minne ni 9.5, ikipungua hivyo inakuwa 7.6. Anguka nayo, zinabaki 3.8, toa 1, umebaki na 2.8. Ukipungukiwa nusu mzunguko au zaidi, unahesabiwa umeruka ya mitatu. Kwa hiyo mtu akikuambia “lakini alijaribu minne!”, muulize ilitua vipi.

Ukingo_wa_Nje

Nijibu la Lutz na flipu, maana hapo ndipo ubishi mwingi huzaliwa.

Usiangalie mwili ukiwa hewani, hakuna utakachoona. Angalia mguu wa kushoto kabla ya kuruka (wengi huzunguka kuelekea kushoto, kwa anayezunguka kulia, geuza kila kitu). Chuma cha kiatu kina kingo mbili, ya ndani na ya nje, na katikati yake pana mfereji. Miruko yote miwili mtu anarudi kinyumenyume kwa mguu wa kushoto, kisha anachoma barafu kwa meno ya mbele ya kiatu cha kulia. Tofauti ni ukingo tu. Flipu inatoka ukingo wa ndani: kwa kawaida mtu anageuka ghafla, anachoma, anaruka. Lutz inatoka ukingo wa nje: mtu anakuja na mkunjo mrefu kuelekea pembe ya kiwanja, na ule mkunjo unapinga upande atakaozungukia. Ndiyo maana Lutz ya mitatu ni 5.9 na flipu ya mitatu ni 5.3.

Kosa lenyewe hutokea dakika ya mwisho. Anakuja vizuri kwenye ukingo wa nje, halafu mguu wa kulia unapoenda nyuma kuchoma, kifundo cha kushoto kinalala ndani. Mwili unatafuta urahisi. Hapo ameruka flipu akiiita Lutz. Ikiwa wazi anaandikiwa e, ikiwa ya kutilia shaka anapewa alama ya mshangao. Simamisha video sekunde ile meno yanapogusa barafu, kamera ikiwa nyuma yake, uone kifundo kimeegemea wapi. Ukitazama kwa ubavu utadanganyika.

Na huyo Sakamoto wenu Lutz yake imeandikiwa hivyo mara nyingi tu. Mao naye alisumbuliwa na hiyo hiyo. Lutz ya Yuna ndiyo ya kufundishia: ukingo wa nje hadi mwisho, halafu tolupu ya mitatu juu yake bila kupoteza mwendo.

Karani_wa_Alama

Nyongeza: ukingo na mzunguko haviamuliwi na majaji. Kuna jopo la ufundi la watu watatu wenye marudio ya video. Majaji ni tisa, wao ni ubora na uwasilishaji, na katika kila kipengele alama ya juu kabisa na ya chini kabisa hutupwa.

Binti_wa_SouthB

Ndugu Karani umeruka sehemu inayouma. Uwasilishaji ndio mlango wa nyuma ambao jina la mtu huingilia. Beijing, programu ndefu, Trusova alipata 106.16 za ufundi na 70.97 za uwasilishaji. Shcherbakova, ambaye alikuwa na flipu mbili tu za minne, 100.49 na 75.26. Zaidi ya alama nne zimerudishwa pale.

Nakubali Trusova alikuwa anateleza kama anayekimbilia mruko unaofuata. Lakini nani amepima?

Ukingo_wa_Nje

Inapimika kwa macho, dada. Tazama kati ya mruko na mruko. Hesabu misukumo ya mguu kabla ya kuruka, na utazame anakotua: mwendo unaongezeka ama unakufa? Sakamoto anaingia kwenye Axel ya mizunguko miwili kwa kasi, anavuka eneo kubwa akiwa hewani, na anatoka bado anateleza. Ndiyo maana majaji humpa ubora wa juu kwa mruko wa 3.3. Kwenye runinga haionekani kwa sababu kamera inakwenda naye. Tazama matangazo ya ukutani yanavyompita. Waliowahi kusimama barafuni pale Panari, Mombasa Road, wanajua kiwanja kidogo kinavyokunyima kasi. Hawa wana mita 60 kwa 30 na wanaimaliza.

Kaptula_Barafuni

Asanteni. Na kupendwa je? Mao ana mataji matatu ya dunia, 2008, 2010 na 2014, Yuna mawili, 2009 na 2013. Mbona Yuna ndiye malkia?

Binti_wa_SouthB

Olimpiki ya Vancouver 2010. Yuna 228.56, Mao 205.50, na Mao aliruka Axel tatu za mizunguko mitatu katika mashindano yale. Tofauti ya alama 23! Watu wanakumbuka Olimpiki, ya dunia wanaisahau, ingawa mwezi mmoja baadaye Mao alimshinda Yuna kule Torino. Isitoshe wamezaliwa Septemba 1990, wameachana siku 20, mmoja Korea mwingine Japani. Ushindani wa namna hiyo unapika mashabiki wenyewe. Trusova na Warusi wenzake walipishana haraka mno, hakuna aliyepata muda wa kuzoeleka. Siku hizi angalau umri wa chini wa watu wazima umepandishwa kutoka 15 hadi 17.

Na msimsahau Surya Bonaly wa Ufaransa. Mataji matano ya Ulaya, fedha tatu za dunia, na Olimpiki ya Nagano 1998 akapiga sarakasi ya kinyumenyume akatua kwa mguu mmoja, huku ikiwa marufuku. Hakupata medali ya Olimpiki hata moja. Marufuku yenyewe imeondolewa 2024.

Karani_wa_Alama

Sarakasi ya Bonaly haina thamani ya msingi hata leo, kwa hiyo kwenye safu ya miruko ingeandikwa bure.

Binti_wa_SouthB

Ndiyo maana nikasema kupendwa, Karani. Sikusema alama.