Kadi ya kuendesha boti jimbo la Washington, Marekani: naomba msaada

Wapendwa, shikamooni wakubwa. Mume wangu kanunua boti ya futi 16 yenye mashine ya hospawa 40, na Jumamosi ijayo anataka kututembeza ziwani, Lake Washington, na watoto. Jirani katwambia lazima awe na kadi ya jimbo. Yeye anasema amekulia baharini, hana cha kufundishwa. Anayejua anieleze.
Mama wawili, Kent

—

Marahaba, mwanangu. Jirani kasema kweli. Hapa Washington kadi inatakiwa kwa kila anayeendesha chombo chenye mashine ya hospawa 15 kwenda juu, isipokuwa aliyezaliwa kabla ya 1 Januari 1955. Hospawa 40 haina mjadala.

Asome kozi iliyoidhinishwa na Washington State Parks, idara ya mbuga za jimbo, mtandaoni au darasani. Akifaulu atapewa cheti, na hapo ndipo wengi wanapokosea: cheti si kadi. Aombe kadi State Parks kwa cheti hicho na dola 10. Akishaipata ni ya maisha, lakini awe nayo botini kila anapoendesha.

Sasa hilo la kukulia baharini. Mimi ni mtoto wa Lamu. Nilishika usukani wa mashua kabla sijajua baiskeli, nikadhani kozi hii nitaimaliza nikisinzia. Swali la maboya, zile alama zinazoelea kuonyesha njia ya chombo, likaniangusha. Kwetu ukiingia bandarini kutoka bahari kuu, boya jekundu unaliacha kushoto, la kijani kulia. Ndivyo Mombasa, ndivyo Dar, ndivyo na Ulaya. Marekani ni kinyume: ukirudi kutoka baharini, jekundu liwe kulia kwako. Nilijibu kwa mazoea, nikakosa. Usiku ule usingizi ulinipaa, maana kwenye mtihani unapoteza alama tu, lakini majini ningepandisha chombo mwambani na watoto wa watu ndani. Mwambie mumeo aanzie sura hiyo.

Na maji ya huku si yetu. Puget Sound, mkono wa bahari wa huku kwetu Tacoma, mwaka mzima ni kama nyuzi 7 hadi 13 za Selsiasi. Ukitumbukia ghafla unavuta pumzi bila kutaka, na kichwa kikiwa chini unavuta maji. Hodari wa kuogelea naye huzama hivyo. Sheria inataka watoto wa miaka 12 kushuka chini wavae jaketi okozi kwenye chombo kisichofika futi 19 kikiwa safarini. Botini kwangu hata watu wazima wanavaa. La mtoto lifunge mikanda yote, kisha livute juu kwa mabegani. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa, rudisha dukani.
Mzee wa Tacoma

—

Niongeze kidogo. Akiwa hajapata kadi, anaweza kuendesha chini ya usimamizi wa mtu wa miaka 16 au zaidi mwenye kadi, akiwa naye botini. Na wanaokodi boti hawahitaji kadi, ila wanajazishwa kwanza fomu ya usalama.
Renton

—

Asante sana baba, asante Renton. Nimemsomea hilo la maboya. Kanyamaza kitambo, kisha kaniomba kompyuta. Saa hizi yuko sura ya pili. Jumamosi tumeiahirisha. Kama kuna mwenye kadi aliye karibu na Kent atakayekubali kukaa naye botini siku za mwanzo, aniandikie. Chakula cha mchana juu yangu.
Mama wawili