Viza ya Schengen (viza moja ya nchi nyingi za Ulaya): BRP (kadi ya ukaazi wa Uingereza) imeisha tarehe ila ILR (ukaazi wa kudumu) haiishi, kwenye fomu niandike nini?

Mama Wawili:
Wapendwa habari za Jumapili. Naomba msaada wa haraka maana juzi nimerudishwa dirishani pa kuombea viza. ILR ninayo miaka sasa, BRP yangu iliandikwa 31/12/2024 kama za watu wengi, eviza (uthibitisho wa ukaazi wa mtandaoni) ninayo na nimeiprinti yote pamoja na ile namba ya kushea ya kuwapa wanaokagua. Yule dada wa dirishani (nchi siitaji, bado nawahitaji) akaichukua kadi, akaigeuza mbele nyuma, akaweka ukucha juu ya ile tarehe akaugonga mara mbili, akasema kibali chako kimekwisha. Namwambia kilichoisha ni kadi, ukaazi wenyewe hauna mwisho. Akasema basi mbona kwenye fomu pale "kinatumika hadi" umeacha wazi, na kibali lazima kivuke miezi 3 baada ya safari. Nimepewa miadi nyingine Alhamisi. Swali langu ni moja tu jamani, kwenye hicho kiboksi niandike nini?

Baba Tatu:
Pole sana dada. Mimi walinirudisha kwa sababu ya bima, kiwango kilikuwa sawa kabisa, euro 30,000, ila cheti kimeandikwa nchi moja badala ya Schengen nzima. Ikabidi ninunue nyingine kwa simu nimesimama kwenye ngazi, chaji asilimia 4, natamka jina langu herufi moja moja kwa mtu ambaye hanisikii. Kwa hiyo cha kwanza angalia bima. Cha pili stetimenti za benki za miezi 3, na kama kuna hela imeingia kubwa ghafla andika barua ueleze imetoka wapi, usisubiri waulize.

Shangazi Leeds:
Mwanangu mbona unajitesa, mumeo si Mwingereza? Omba kama familia ya raia wa EU (Umoja wa Ulaya), ni bure na makaratasi ni machache. Mimi sikulipa hata senti, cheti cha ndoa na pasi ya mume basi.

Mkaa Mbali:
Shangazi shikamoo, ila kwa heshima zote hiyo ilikufa na Brexit (Uingereza kutoka EU). Tangu Januari 2021 mume Mwingereza hakusaidii kitu, ukiwa na wa Ireland hapo sawa na muwe mnasafiri pamoja. Tuwe tunaangalia mwaka kabla ya kushauri, mtu akienda na ushauri huu atapoteza miadi. Ada ni euro 90 tangu Juni 2024, na ukinyimwa hairudi.

Shangazi Leeds:
Marahaba. Nimeeleza nilivyofanya mimi 2018, sikusema ni sheria ya leo. Na wa Ireland nimtoe wapi umri huu.

Baba Tatu:
Halafu Ireland si haimo Schengen?

Mkaa Mbali:
Haimo Schengen lakini imo EU, ni vitu viwili tofauti, kama Uswisi ilivyo Schengen na EU haimo. Tulishaelezana hapa mwaka jana na kabla ya hapo pia.

Kijana wa Juzi:
Samahani naingilia. Viza yangu imetoka jana, alhamdulillahi, inasema kuanzia tarehe 3 hadi 27, sasa si naweza kukaa mpaka 27? Niliomba siku 10 tu, naona wameniongezea.

Mkaa Mbali:
Hawajakuongezea. Soma chini ya tarehe, kuna sehemu ya idadi ya siku, hapo itakuwa 10. Hizo siku 15 za ziada ni za kukupa nafasi safari ikisogea, ila siku za kukaa ni 10 zile zile, na siku ya kuingia inahesabiwa na ya kutoka inahesabiwa. Kuna jamaa alisoma tarehe hakusoma siku, akakamatiwa uwanja wa ndege anarudi zake nyumbani na mabegi ya zawadi, mpaka leo kila fomu anajaza ukurasa wa ziada kujieleza.

Mzee Mstaafu:
Nawasoma tu wanangu. Mimi nilinyimwa mwaka juzi, karatasi yenye viboksi, wameweka tiki pale pa kwamba hawana uhakika kama nitaondoka. Nina nyumba hapa, nina pensheni hapa, wajukuu wanne, nikakimbilie wapi kwa magoti haya? Tatizo ni pasi zetu. Viongozi wetu wao wanapita na pasi za kidiplomasia, foleni hii hawaijui, ndiyo maana hakuna anayeisemea. Zamani marehemu dada yangu alipofiwa ng'ambo ya mpaka tulipanda basi usiku, tukaandikwa kwenye daftari na askari mwenye usingizi, tukapita. Aliuliza mmekula? Hicho ndicho alichouliza.

Shangazi Leeds:
Mzee umenitoa machozi asubuhi.

Baba Tatu:
Kweli mzee. Ila tusiwalaumu viongozi wote, wengine

Baba Tatu:
Samahani imeondoka kabla sijamaliza. Nilitaka kusema wengine walijaribu. Basi tuache siasa.

Mama Wawili:
Asanteni wote, bima ninayo, mume wangu kweli ni Mwingereza na kumbe hanisaidii, nimemwambia amecheka. Lakini kiboksi. Kuna mtu mwenye ILR na eviza amepita dirishani mwaka huu? Uliandika nini, "haina mwisho", au uliweka mstari, au uliweka tarehe ya pasi?

Kijana wa Juzi:
Mimi nina viza ya mwanafunzi, yangu ina tarehe, kwa hiyo sikupata shida hiyo.

Baba Tatu:
Alhamisi umesema? Angalia treni dada, nimesikia kuna mgomo.