Java kwa GPU: mbona CPU inanishinda mbio?

BaitiMoja
Wasee niaje. Kuna kazi ya kuangalia mimea kutoka kwa picha za setilaiti ya Sentinel-2, nachukua bendi ya 4 ambayo ni nyekundu na ya 8 ya infraredi, natoa moja kwa nyingine, nagawanya kwa jumla yao, napata NDVI ya kila pikseli, ile namba ya kuonyesha mimea iko kijani kiasi gani. Picha moja ni 10980 kwa 10980. Kodi yote ni Java na haihamii C++, bosi hataki na mimi pia C++ hunipandisha presha. Laptopu ni eksi-UK ya Luthuli, iko na GPU, yaani kadi ya grafiki, GTX 1650 ya GB 4. Nimeandika kerneli, ile kodi fupi inatembea kwa GPU, na Aparapi, maktaba ya kupeleka Java kwa GPU. Majibu yanatoka sawa kabisa, lakini inachukua muda mrefu kuliko parallelStream ya kawaida, ile ya Java inagawa kazi kwa kore za CPU! Feni inanguruma kama matatu inapanda Limuru na bado CPU inaipita. Kuna kitu naruka ama Java kwa GPU ni stori za jaba tu?

mama_kompaila
Si stori za jaba, ni vile hesabu yako ni ndogo mno kwa huo mzigo. Ebu piga: 10980 mara 10980 ni kama pikseli milioni 120, kila moja ikiwa float ni baiti 4, bendi moja inakaribia MB 480. Mbili zinaenda, jibu linarudi, hapo ushapitisha karibu GB 1.45 kwa PCIe, ile njia ya data kati ya CPU na kadi. Na PCIe 3.0 hata ikiwa na leni zote 16, kwa karatasi ni kama GB 16 kwa sekunde kila upande, na laptopu mingi hazikupi leni zote. Sasa mzigo wote huo ukifika kwa kadi unafanyiwa nini? Kutoa, kujumlisha, kugawanya, basi. Kadi inamaliza saa hiyo hiyo halafu inakaa ikingoja. CPU nayo data iko kwa RAM yake, haina safari yoyote.

fundi_lupu
Mama amemaliza ile kubwa. Mi naongeza tu, Aparapi inachukua baitikodi ya run() na kuigeuza OpenCL, lugha ya kuandikia GPU, programu ikiwa inatembea, kwa hivyo raundi ya kwanza imebeba gharama ya kukompaili, usiipime. Halafu cheki logi kama kweli uko kwa GPU juu ikipata kitu haiwezi, kama obiekti, inarudi kwa thredi za Java na majibu bado yanatoka sawa, unaeza kaa wiki ukidhani unatumia kadi. Na ukiiacha vile ilivyo inahamisha arei kila ukiita execute(). Weka setExplicit(true), fanya put() ya kupeleka data mara moja, piga kerneli zote unazotaka, get() ya kurudisha jibu iwe ya mwisho.

Jirani_wa_Githurai
Tupa hiyo Aparapi, chukua TornadoVM ya Chuo Kikuu cha Manchester, nayo hupeleka Java kwa GPU. Unaweka @Parallel kwa lupu na inakutolea kodi ya GPU, iwe OpenCL, PTX ama SPIR-V. OpenJDK, wale hutengeneza Java, walijaribu mradi wao wa GPU, Sumatra, ikafifia, sasa wako na Babylon, lakini hiyo bado siwezi pelekea klayenti.

mama_kompaila
@Jirani TornadoVM naipenda sana, lakini haiongezi hata leni moja ya PCIe. Abadilishe data kwanza. BaitiMoja, hizo picha huja na biti 16, mbona unazigeuza float kabla hazijasafiri? Tuma short[], geuza huko ndani ya kerneli, kwenda inakuwa nusu. Usisahau & 0xFFFF juu short ya Java ina hasi na ile data haina. Na kama kuna double mahali itoe, GTX 1650 hufanya double kwa 1/32 ya kasi ya float, hizo kadi ni za gemu.

BaitiMoja
Maze. Nimetuma short, nikaacha bendi zikae kwa kadi, nikapiga NDVI na SAVI kwa data ile ile na EVI nikaongeza bendi ya 2 tu (hizo mbili pia ni vipimo vya mimea). Zote tatu pamoja sasa GPU iko mbele. NDVI ikiwa peke yake bado parallelStream inashinda kwa hivyo hiyo nimeiachia. Lakini programu nzima mbona bado inakokota? Mtumiaji haoni tofauti.

fundi_lupu
Hizo faili si ni JP2, zile picha zimebanwa za JPEG 2000? Umepima kuifungua inachukua muda gani?

BaitiMoja
Saa yangu nimeianzisha baada ya kusoma faili. Ngoja niiweke juu kabisa.

BaitiMoja
Wueh. Karibu muda wote uko hapo, hesabu ni kijisehemu tu. Sasa ni nani ako na maktaba ya JP2 yenye inatumia thredi nyingi na iko na njia ya kuiita kutoka Java?

fundi_lupu
OpenJPEG hukubali thredi nyingi, ni maktaba ya C lakini kuanzia Java 22 unaiita bila JNI, ile njia ya zamani ya Java kuita C. GDAL, maktaba ya kusoma picha za ramani na setilaiti, pia inaisoma JP2 kupitia hiyo hiyo OpenJPEG na iko na bindingi za kuiita kutoka Java tayari. Mi ningeanza na GDAL.